Kumi na nne, na alama ya kuuliza

Bahasha ilidondoka nilipokuwa natafuta hati ya kiwanja.

Ni bahasha ya kaki, ndogo, kama zile walizokuwa wakitilia mshahara wa vibarua zamani. Nilipoitikisa, kitu kikagonga ndani. Nikakimimina kiganjani: kijiwe kimoja cheupe, chembamba, chenye kingo za mawimbi kama jani lililoliwa na mdudu, hakizidi sana ukucha wa kidole cha mwisho. Juu ya bahasha kuna maandishi ya penseli ambayo miaka yote hii haijayafuta: jike, sentimita 78, kijiwe cha kulia. Chini yake, peke yake, namba.

14?

Hati ya kiwanja sikuipata siku ile. Nilikaa kitandani na bahasha mkononi mpaka adhana ya adhuhuri. Hii ni wiki ya sita, na kila nikikaa kimya ile alama ya kuuliza inanirudia.

Chumba cha hadubini

Mwaka 2005 nilipelekwa Aisilandi kwa mafunzo ya uvuvi ya miezi sita. Niliondoka Tanga mwezi wa tisa nikiwa na sweta moja. Ilipofika Desemba, jua lilikuwa likichomoza saa tano na kitu asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Kazi niliyopangiwa ilikuwa kusoma umri wa samaki.

Vile vijiwe tunavijua sote. Ukila kichwa cha samaki, jino linagonga kitu kigumu, unakitema pembeni ya sahani. Samaki mwenye mifupa ana jozi tatu, vipo sikioni kwa ndani, vinamsaidia kusikia na kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Vinakua kwa tabaka maisha yake yote. Katika bahari za kaskazini ya mbali, kiangazi jua halitui, chakula kinajaa, na kijiwe kinapata tabaka pana lisilopitisha mwanga. Majira ya giza yakija, samaki anakula kidogo, tabaka linakuwa jembamba na angavu. Tabaka mbili hizo kwa pamoja ni mwaka mmoja. Wazo lenyewe ni la zamani: kasisi wa Uswidi, Hans Hederström, alihesabu pete kwenye pingili za uti wa mgongo wa samaki mwaka 1759, na Mjerumani Johannes Reibisch akahamia kwenye vijiwe vya sikio mwaka 1899.

Ukiwa unatoka bahari yetu, ambako majira hayatofautiani hivyo, pete za samaki wa baridi zinakufurahisha kweli. Samaki wa miaka mitatu unamsoma kama kitabu cha darasa la kwanza. Wiki mbili za mwanzo nilidhani nimeshaijua kazi.

Mzee aliyenifundisha alikuwa amekaa mbele ya hadubini ileile tangu ujana wake. Wenyeji wa kule huitana kwa jina la kwanza, mkubwa kwa mdogo, lakini mimi ulimi ulikataa, nikawa namwita bwana. Kila Jumatatu alinipa trei yenye bahasha hamsini. Wiki moja akanipa trei ambayo, bila mimi kujua, ilikuwa ileile ya wiki iliyotangulia. Bahasha zilikuwa mpya na mpangilio amegeuza. Ijumaa akaweka karatasi zangu mbili mezani, bega kwa bega.

Kwa samaki wadogo nilijibu vilevile mara zote mbili. Kwa wakubwa nilikuwa nimejipinga mwenyewe. Tisa imekuwa kumi na moja. Kumi na tatu imekuwa kumi.

Nilijua nitakemewa. Badala yake alivuta droo, akatoa karatasi zake mbili za trei hiyohiyo, akazisukuma mbele yangu. Naye pia, kwa samaki wale wakubwa, hakuwa amekubaliana na nafsi yake.

"Unapoona shaka," akaniambia, "andika shaka."

Siku ya kuondoka alinipa hii bahasha kama zawadi.

Samaki mweusi

Kijiwe kilichomo ni cha halibuti wa Grinlandi. Ni wa jamii ya gayogayo, lakini hana tabia za gayogayo unayemjua. Gayogayo wetu amelala mchangani, upande mmoja una rangi, mwingine mweupe. Huyu ni mweusi pande zote mbili, jicho lake la kushoto limeishia juu ya paji la uso badala ya kuvuka kabisa, na huweza kuogelea wima kama samaki mwingine yeyote, kwenye miteremko ya bahari yenye kina cha mamia ya mita, hata kupita elfu, ndani ya maji yanayokaribia nyuzi sifuri. Anavuliwa Aisilandi, Grinlandi, Kanada, Norwe na Urusi. Ni samaki wa fedha nyingi.

Na kwa miaka mingi umri wake ulikuwa unasomwa vibaya.

Hapa ndipo nilipokwama wiki hizi sita, kwa hiyo nivumilie nikieleza. Samaki huyu akiwa kijana, kijiwe chake kinapanuka kila mwaka, na pete zinaonekana ukikitazama kwa juu. Akizeeka, kupanuka kunapungua mno, kijiwe kinaongezeka unene zaidi kuliko upana. Miaka inaendelea kuandikwa, ila sasa inaandikwa kwenye ukingo, imebanana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Msomaji anahesabu kumi, kumi na moja, kumi na mbili, halafu anakuta utepe mmoja ulioungana. Anauhesabu kama mwaka mmoja au miwili na kufunga bahasha.

Kwa hiyo kosa halikuwa la kwenda huku na huku, leo limezidi, kesho limepungua. Kwa samaki wakubwa lilielemea upande mmoja: samaki mzee aliandikwa kijana.

Sasa fuata hesabu. Samaki wa sentimita 78 ukimpa miaka 14, umesema anakua haraka. Anayekua haraka anajaza nafasi ya aliyevuliwa haraka. Tena ukiamini kwamba samaki hawa hawafiki umri mkubwa, unaamini pia kwamba wengi wao hufa wenyewe kila mwaka, basi kuvua zaidi hakuna madhara makubwa, si wangekufa hata hivyo? Namba moja ya penseli kwenye bahasha ya kaki inapita kwenye jedwali, kutoka jedwali inaingia kwenye mstari wa ukuaji, kutoka mstari inakuwa tani ambazo meli zinaruhusiwa kuzitoa baharini. Ikifika huko, alama ya kuuliza imeshaanguka njiani. Kompyuta haina safu ya alama ya kuuliza.

Miaka michache baada ya mimi kurudi nyumbani, watafiti wa Norwe na Kanada walichapisha majaribio yao. Walikuwa wamewafunga samaki alama na kuwachoma dawa inayoacha mstari kwenye kijiwe, wakawarudisha majini, na waliponaswa tena wakapima wamekua kiasi gani kwa muda unaojulikana. Walipima pia kaboni ndani ya vijiwe. Majibu yote yalielekea njia moja: samaki hawa hukua polepole kuliko vitabu vilivyosema, karibu nusu ya kasi iliyodhaniwa, na wapo wanaopita miaka ishirini na zaidi. Katika baadhi ya maeneo wataalamu waliamua kuweka umri pembeni kabisa kwa miaka kadhaa, wakatathmini wingi wa samaki kwa kutumia uzito unaovuliwa na mwenendo wake tu.

Niliyasoma hayo ofisini Tanga, feni ikizunguka. Nikakumbuka trei zangu za bahasha hamsini hamsini.

Mwaka wa bomu

Ile kaboni inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha kwamba kosa linaweza kukamatwa.

Bibi yangu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alijua kwamba mwaka wa nzige alikuwa ameshaota meno lakini hajaanza kutembea, na wazee wa mtaa walijua mwaka wa nzige ni upi. Ukitaka umri wa mtu asiye na karatasi, tafuta tukio lililomgusa kila mtu, kisha uliza: wewe ulikuwepo?

Bahari nayo ina mwaka wake wa nzige. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani kwa majaribio. Kaboni-14, ile kaboni yenye mionzi, ikapanda hewani mpaka karibu maradufu kaskazini ya dunia kufikia 1963, ikashuka baharini, ikaingia kwenye viumbe vidogo, kutoka hapo kwenye samaki. Kiini cha kijiwe ni kile kilichotengenezwa mwaka samaki alipozaliwa, na hakibadilishwi tena. Tuseme samaki amevuliwa 1985 na msomaji ameandika 14. Basi kazaliwa 1971, kiini chake lazima kiwe na alama ya bomu. Ukikipima ukakuta hakina, samaki huyo alikuwepo kabla ya bomu, na miaka yake haipungui ishirini na mitano hivi. Hakuna macho makali yatakayobisha. John Kalish alionyesha njia hii mwaka 1993 kwa samaki wa Nyuzilandi, na tangu hapo imesahihisha wasomaji wengi wa pete.

Inanipa uzito moyoni kwamba kitu kibaya namna ile ndicho kilichotupa kalenda.

Asiye na kijiwe

Halibuti mweusi ana adui anayemla: papa wa Grinlandi. Papa hana vijiwe vya kuhesabu, mifupa yake ni gegedu, na huyu hata pingili zake ni laini mno kuweka pete. Kwa muda mrefu kitu pekee kilichojulikana kuhusu ukuaji wake kilitokana na kufungwa alama. Mmoja alipimwa Grinlandi mwaka 1936, sentimita 262. Aliponaswa tena mwaka 1952 alikuwa na sentimita 270.

Miaka kumi na sita, sentimita nane.

Mwaka 2016 Julius Nielsen na wenzake walitoa matokeo ya papa majike 28. Walichukua kiini cha lenzi ya jicho, ambacho huumbwa papa akiwa bado tumboni mwa mama yake, wakapima kaboni-14. Wadogo kabisa walikuwa na alama ya bomu. Wakubwa hawakuwa nayo, na hapo ikabidi wategemee mabadiliko ya polepole ya kaboni ya bahari, ambayo hayatoi jibu kali. Mkubwa kuliko wote, mita 5.02, walimkadiria miaka 392, kuongeza au kupunguza 120. Majike wa aina hii, wakakadiria, huanza kuzaa wakikaribia miaka 150.

Magazeti yalichukua 392, mengine yakaandika 400 moja kwa moja. Kama namba ya katikati ni sahihi, papa yule alizaliwa Wareno wakiwa bado Ngome ya Yesu Mombasa. Lakini mimi kilichonishika ni ile 120. Mtu amefanya kazi miaka, amepata namba ambayo dunia nzima itaikumbuka, na pembeni yake anaandika kwamba inaweza kuwa 272, inaweza kuwa 512. Hiyo ni alama ya kuuliza ya yule mzee wangu, imeandikwa kwa tarakimu.

Papa hawa hunaswa bila kukusudiwa kwenye nyavu za kukokota na kwenye zulumati, kamba ndefu zenye ndoana nyingi, zinazotegwa kwa ajili ya halibuti yuleyule wa bahasha yangu.

Upande wa pili wa dunia

Kusini, kuzunguka Antaktiki, meli zilitangulia na hesabu ikafuata. Kwenye visiwa vya South Georgia, meli za Kisovieti zilimkuta samaki aitwaye Notothenia rossii. Msimu wa 1969/70 zilitoa tani karibu 400,000. Msimu uliofuata, tani karibu 100,000. Baada ya hapo hapakuwa tena na samaki wa kufuata. Mkataba wa kuhifadhi viumbe hai wa bahari ya Antaktiki ulisainiwa Canberra mwaka 1980, na uvuvi wa kumlenga samaki huyo ukapigwa marufuku katikati ya miaka ya 1980, wakati yeye ameshakwisha. Amechukua miongo kurudi.

Kwa hiyo naheshimu sana jinsi walivyomshika huyu mwingine, samaki mkubwa wa bahari ya Ross, Dissostichus mawsoni, anayeweza kupita kilo mia. Maji anamoishi yanakaa kwenye nyuzi 1.9 hivi chini ya sifuri mwaka mzima. Damu yake ina protini zinazozuia barafu, jambo ambalo Arthur DeVries alilichunguza tangu miaka ya 1960 katika ghuba ya McMurdo. Lakini kama joto halibadiliki, pete zinatoka wapi? Huwezi kusema tu ni baridi na kiangazi. Ilibidi kuthibitisha kwamba pete moja kweli ni mwaka mmoja.

DeVries alikuwa amewafunga samaki hawa alama kwa miongo kadhaa kupitia matundu kwenye barafu. Baadhi walichomwa dawa ya jamii ya tetrasaiklini, hizihizi za duka la dawa. Dawa hiyo hujikita kwenye kijiwe na kung'aa chini ya taa maalumu. Samaki akinaswa tena baada ya miaka kadhaa, unatafuta mstari unaong'aa na kuhesabu pete zilizoota nje yake. Mwaka 2003 yeye na wenzake wa Nyuzilandi walichapisha: pete zinalingana na miaka. Baadaye wengine wakapima kwa njia ya madini ya risasi na radiamu yaliyomo ndani ya kijiwe, ikakubaliana nao. Leo inajulikana kwamba jike wa samaki huyu hukomaa akiwa na miaka kama 16 au 17, na anaweza kukaribia miaka hamsini. Kanuni ya uvuvi wake inatazama mbele miaka 35, na inataka wazazi waliobaki wasipungue nusu ya waliokuwepo kabla ya uvuvi kuanza.

Sisemi hakuna ubishi. Upo, na watu ninaowaheshimu wanasema hata hiyo nusu inayoruhusiwa kuvuliwa ni nyingi mno kwa samaki wa namna hii. Nasema tu kwamba wanabishana juu ya umri uliothibitishwa. South Georgia hawakupata hata nafasi ya kubishana.

Silikanti

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Mimi si mtu wa Grinlandi. Baada ya Aisilandi nilirudi Tanga, na Tanga tuna silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wamekuwa wakinaswa kwenye majarife yanayotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Nilikuwepo mmoja alipoletwa pwani, wa buluu iliyofifia, madoa meupe, mapezi mazito kama miguu. Mvuvi alisimama pembeni kama mtu aliyeharibu mali ya mwenzake. Nikapima, nikapiga picha, nikajaza fomu.

Mwaka 2012, hifadhi ya bahari ya silikanti ikiwa na miaka mitatu, nilialikwa shule moja ya sekondari kuzungumza. Mwanafunzi akauliza: mzee, silikanti anaishi miaka mingapi? Nikajibu ishirini hivi. Ndivyo maandiko yalivyosema, kutokana na pete chache zilizoonekana kwenye magamba. Nikaona wanaandika kwenye madaftari, mstari mzima, vichwa vimeinama.

Sikuongeza neno. Mimi niliyewahi kuwekewa karatasi mbili mezani.

Juni 2021 watafiti wa Kifaransa walitoa matokeo ya silikanti 27 wa Komoro. Walitazama magamba chini ya mwanga uliochujwa uelekeo wake, na kati ya zile pete kubwa zikatokea nyingine nyembamba mno, nyingi, ambazo hakuna aliyeziona kabla. Mkubwa wa umri alikuwa na miaka 84. Wakakadiria kwamba anakomaa akiwa na miaka 55 hivi, mimba inachukua miaka mitano, na maisha yake yanaweza kukaribia karne.

Kosa lilikuwa lilelile la samaki mweusi, upande uleule: mzee kaandikwa kijana, kwa sababu jicho liliishia kwenye pete rahisi. Na yule niliyempima pwani, ambaye kichwani mwangu nilimhesabu kama samaki wa miaka kumi na kitu, huenda alikuwa rika la mama yangu na hajawahi kuzaa.

Nilikuwa nayajua haya tangu 2021. Nilisoma, nikashtuka, nikaendelea na kazi. Bahasha ndiyo iliyonirudisha kwenye yale madaftari, kwa sababu mzee yule aliyekuwa na miaka thelathini na kitu ya kazi aliandika 14 na kuweka shaka yake hapohapo, na mimi nisiyekuwa na hata gamba moja mkononi nilisema ishirini kwa sauti ya mwalimu.

Ukingo

Wiki iliyopita nilirudi kwenye shule ile. Niliowaambia wametawanyika, wengine wana watoto. Mwalimu wa baiolojia alinipokea vizuri, akanipa nusu saa na kidato cha tatu. Niliwaambia nilichosema 2012, na kwamba si kweli. Kisha nikaomba hadubini yao ya kutazamia wadudu.

Nilikiloweka kijiwe kwenye kisahani cha maji, nikaelekeza taa kwa ubavu. Nilihesabu 22. Nikapumzika, nikanywa chai na walimu, nikahesabu tena bila kutazama karatasi: 25. Nimeziandika zote mbili kwenye bahasha, kwa penseli, pamoja na tarehe, chini ya ile 14. Alama ya kuuliza nimeiacha mahali pake na ya kwangu nimeiongeza.

Binti mmoja aliomba naye ajaribu. Nikamwonyesha kiini kilipo, nikamwambia aanzie hapo, aende polepole, asiniambie mpaka amalize. Kengele ya mapumziko ikalia, wenzake wakatoka wakisukumana mlangoni. Yeye hakuinua kichwa. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti, kumi na tano, kumi na sita, na ukingo alikuwa bado hajaufikia.